Kuomba Wino na Karatasi

Mtu afunguaye chuo cha kale cha utenzi, awe amekikuta Lamu, Pate, Siyu au Mombasa, aghalabu hupokewa na maneno ambayo amekwisha kuyasikia mahali pengine. Mtunzi humtaja Mwenyezi Mungu, humsalia Mtume na masahaba zake, kisha humgeukia mtu aliye karibu naye, mtoto au mwanafunzi au rafiki, akamwomba amletee karatasi nzuri, wino mweusi na kalamu iliyochongwa vyema, apate kuandika kisa kilichomjaa moyoni. Pengine humtaja aliyemwagiza kazi hiyo; pengine huungama kuwa kisa si chake bali amekipata katika vitabu vya Kiarabu, naye kazi yake ni kukitia katika lugha ya watu wake; huomba radhi kwa upungufu wake; na baada ya hayo yote, beti zikiwa zimekwisha kufika kumi au ishirini, ndipo kisa chenyewe huanza mwendo.

Msomaji wa leo huzipitia beti hizo kwa jicho la haraka, kama mgeni mwenye njaa anayesubiri salamu ziishe ili sinia liletwe. Nami nakiri kwamba katika ujana wangu niliziruka bila ya kujiona mkosefu, nikidhani ya kuwa mtunzi arudiaye maneno ya babu zake hana lake la kusema. Miaka mingi ya kusoma imenibadilisha rai. Si kwamba dibaji zote ni njema, la. Ziko zilizo kavu kama kuni, ambazo mtunzi aliziweka kwa kuwa wenzake waliziweka. Lakini nimekuja kuona kuwa ombi lile la wino na karatasi, ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelionea haya, lilikuwa na kazi, na kazi hiyo haikuwa moja katika kila zama.

Hapo asili yamkini lilikuwa ombi hasa. Karatasi haikutengenezwa pwani. Ilikuja na vyombo kutoka ng'ambo, na mtu hakuichezea. Kalamu ilikuwa mwanzi uliochongwa kwa kisu na kukatwa ncha kwa mshazari, ikachakaa, ikachongwa tena. Aliyeketi kutunga beti mia kadhaa alikuwa anaanza safari yenye gharama, na kama nahodha aitishavyo tanga na maji kabla ya kung'oa nanga, alitaja vyombo vyake mbele ya watu. Baadaye ombi likawa ada, na ada ikawa heshima, hata mtunzi aliyekuwa na karatasi tele mbele yake akaiomba kana kwamba hana.

Miongoni mwa miswada ya Kiswahili yenye tarehe, mmoja wa iliyo kongwe kabisa ni ule wa Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728. Una beti zaidi ya 1100, nao wasimulia vita vya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Warumi. Anayeusoma hana budi kutambua kwamba tayari ada ziko mahali pake: mwenye kuagiza ni mfalme, mwenye kutunga ni mtumishi mnyenyekevu, na lugha ni ya mtu anayejua kuwa wasikilizaji wake wana masikio yaliyofundishwa. Maana yake ni kwamba mwaka 1728 si mwanzo wa ada hiyo; nyuma yake walikuwako watunzi waliokwisha kuizoea, ambao karatasi zao zimeliwa na mchwa na unyevu wa visiwa.

Umbo lenyewe la utenzi, au utendi kama wasemavyo watu wa kaskazini, lilijengwa kwa mazoea. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya kwanza hukubaliana kwa vina, na cha nne hubeba kina kimoja kisichobadilika toka mwanzo wa utenzi hata mwisho wake, nacho baadhi ya watunzi hukiita bahari. Wengi walichagua kina cha "ya" au cha "a" tupu, na sababu yake ni nyepesi: vitenzi vyetu vingi huishia kwa irabu hiyo, basi mtunzi hakukosa pa kutua. Mgeni bin Faqihi, aliyetunga Utenzi wa Rasi 'lGhuli, ana beti zaidi ya 4000, na mara zote hizo hana budi kurejea katika kina kile kile. Mtu asiyejua atasema ni utumwa. Mimi naona ni kama kurejea nyumbani kila magharibi: aliye na hakika ya pa kulala huthubutu kutembea mbali mchana. Wala mchonga milango wa Lamu haulizwi mbona amechonga tena mnyororo na waridi, ila hutazamwa mkono wake umekwendaje safari hii. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mwandishi wa khati na mtunzi kwa pamoja, naye alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Nadhani yeye asingeona tofauti kubwa baina ya patasi na kalamu.

Iko faida nyingine ya dibaji ambayo sijaona ikitajwa sana, nayo yahusu khati. Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, zilizoumbwa kwa lugha nyingine, hazikuenea sauti zetu zote. Hapakuwa na herufi makhsusi za "p", "ch", "g" na "v". Kasra moja ilisimamia "i" na "e", na dhumma moja ilisimamia "u" na "o". Na sauti kama "mb" na "nd" mara nyingi ziliandikwa bila ya ile "m" au "n" ya mbele. Msomaji wa hati hizo hakusoma tu, bali alibashiri, na kubashiri kunataka ujuzi wa lile linalotarajiwa. Sasa mtu huyo, akipewa chuo kilichoandikwa na mkono asioujua, alianza na maneno anayoyajua: Mungu, Mtume, karatasi, wino, kalamu. Kwa beti hizo chache jicho lake lilizoea jinsi mwandishi huyu anavyopinda kaf yake na kuweka nukta zake, na alipofika penye majina ya mashujaa na miji ya mbali, mkono ule haukuwa mgeni tena.

Lakini aliyeitumia ada hii kwa namna ambayo sijui ya kuipita ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyekataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Unguja, na mumewe alipofariki mwaka 1856 akabaki mjane na wanawe. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa maradhi yaliyokwisha kumshika kwa muda wa mwaka mzima, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia wa jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Mengi yamesemwa juu ya wasia huo, na wengine wa zama hizi wamemlaumu kwa kumfundisha mwanamke utiifu mno. Sitaingia katika hoja hiyo, kwa kuwa jambo ninalolitafuta liko katika beti za kwanza kabisa, ambako wenye hoja hawakai sana.

Ada inataka Mungu atajwe kwanza, ndipo wino uombwe. Mwana Kupona amepindua. Kwanza anamwita binti yake amkaribie. Kisha anamwambia habari ya maradhi yake, na kwamba hakupata nafasi ya kumweleza neno jema. Kisha anamtaka aje mbele aketi, na wino na karatasi. Na baada ya hapo ndipo anamwagiza aanze kwa kuandika bismillahi na kumtaja Mtume. Vitu ni vile vile ambavyo kila mtunzi wa Pate alivitaja, wala hakuongeza hata kimoja. Ila safari hii mwenye kuombwa ni binti wa miaka kama kumi na saba, mwenye kuomba ni mama asiyetumaini kuinuka kitandani, na karatasi inatakiwa kwa kuwa muda ni mchache. Ombi lililokuwa limechakaa kwa kupita vinywani mwa watu likarudi kuwa ombi hasa, kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Angelianza kwa maneno mapya, tungestaajabia ustadi wake; ameanza kwa maneno tunayoyajua, na kwa sababu hiyo twasikia pale sauti inapovunjika.

Na mwishoni vilevile alishika ada: akataja hesabu ya beti zake, mia na mbili, na mwaka wa Hijra, 1275, kama mwandishi wa hati ya mirathi atiavyo sahihi. Alifariki yapata mwaka 1860. Utenzi wake ukanakiliwa na kukaririwa majumbani, hata Alice Werner na William Hichens wakautoa kitabuni mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya kufariki Mwana Hashima mwenyewe, yule aliyeitwa alete wino.

Kutoka hapo umbo hili lilisafiri kusini. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia Mrima na vita vya Abushiri vikaanza Pangani mwaka 1888, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa upande wa Tanga ambaye pia ametunga utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, alivisimulia kwa mizani zile zile zilizokuwa zikisimulia vita vya masahaba. Manowari na mizinga ya Kizungu vilikuwa vitu ambavyo macho ya watu hayakuwa yamevizoea. Aliwapa katika chombo walichokizoea, nao wakaweza kuvitazama. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akafanya vivyo kwa vita vya Maji Maji. Shaaban Robert naye, alipotaka kumsimulia Mswahili vita kuu ya 1939 hata 1945, hakutafuta umbo jingine. Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa mwaka 1967 naye amekwisha kufariki, una beti kwa maelfu. Na alipotaka kumwusia binti yake aliandika Utenzi wa Hati, kama kwamba ile karatasi ya Mwana Kupona ilikuwa bado imetandikwa na pana nafasi chini yake.

Haifai nidhaniwe kuwa nasema watunzi wote walipita mlango huo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakubisha hodi. Mashairi yake huanza katikati ya mambo, kwa kejeli au kwa swali, kwa sababu watu aliowatungia walikuwa wamekaa naye barazani jana yake na walijua nani amemtukana nani. Hapo lenye kuzoeleka lilikuwa tukio, basi maneno yakawa na ruhusa ya kuwa mageni. Nasi leo, tusiolijua tukio, twahangaika naye. Ndiyo gharama yake.

Matbaa ilipokuja, ningetarajia ombi la wino life, maana nani ataomba karatasi penye mtambo? Halikufa, lilihama. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na katika magazeti mengi yaliyolifuata, malenga wa kila pembe walipeleka mashairi yao kwa posta, na aghalabu ubeti wa kwanza ulimsalimu mhariri, ukamwomba nafasi, hata iwe ndogo, pembeni mwa ukurasa. Mhariri amekalia kiti cha mtoto aliyetumwa wino, na nafasi gazetini imekuwa ndiyo karatasi ya ng'ambo. Karani wa kituo cha reli bara, ambaye labda hakupata kuuona utenzi wa Pate maishani mwake, aliandika "mhariri nakuomba" na ada ya Mwengo bin Athumani ikaendelea mkononi mwake. Sheikh Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliandika kwa ajili ya watu kama huyo, wapate kujua mizani na vina vilivyokuwa vikifundishwa kwa masikio.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani isiyofungwa na vina wala mizani, na ugomvi uliofuata baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko unajulikana kiasi cha kutohitaji kusimuliwa hapa. Nasema moja tu: waliompinga walikosea kudhani kuwa mazoea ni sheria, na baadhi ya waliomtetea walikosea kudhani kuwa mazoea ni uvivu. Beti tatu za kwanza za Mwana Kupona zinawajibu wote wawili.

Msomaji mwenye sanduku la bibi au babu lililofungwa miaka mingi, akikuta humo chuo kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, namsihi asikitupe, wala asikate ukurasa wa kwanza kwa kuwa umeraruka na maneno yake ameyakuta kwingineko. Akifikishe kwa mjuzi wa khati, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hati za namna hiyo zimekuwa zikihifadhiwa tangu miaka ya 1960. Na asomaye atazame kwanza nani ameitwa alete wino, na ameitwa kwa jina gani.