Nambari 10,631: Hesabu ya miaka 30 ya mwezi

NAMBARI 10,631 ni jumla ya siku zilizomo katika miaka 30 ya kalenda ya Kiislamu ipangwayo kwa hesabu ya falaki.

Huko Kipini, Mto Tana unapoingia katika Ghuba ya Ungwana, hesabu ya mwezi haihusu ibada pekee. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na bahari ikipanda huyasukuma maji matamu ya mto hadi kwenye mashamba ya mpunga. Mto ukipungua, huingia maji ya chumvi yanayoangamiza mimea. Kwa mkulima, basi, tarehe ya mwezi ni suala la riziki.

Nambari hii hupatikana hivi. Miezi ya kalenda hiyo hupokezana siku 30 na 29, na kuufanya mwaka kuwa na siku 354. Lakini miandamo 12 huchukua siku 354 na takriban saa 9. Ili kufidia saa hizo, wanafalaki huongeza siku moja mwishoni mwa Mfunguo Tatu katika miaka 11 kati ya kila 30. Miaka 30 ya siku 354 ni siku 10,620. Zikiongezwa 11 huwa 10,631.

Ukiigawanya kwa miezi 360, kila mwezi hupata wastani wa siku 29.53056. Wastani halisi ni siku 29.53059. Tofauti hiyo haifiki sekunde tatu kwa mwezi, na huchukua miaka 2,500 hivi kutimia siku moja.

Isitoshe, 10,631 ni nambari tasa, yaani haigawanyiki kwa nambari nzima yoyote ila 1 na yenyewe. Kwa hivyo mzunguko huo hauwezi kukatwa katika vipindi vidogo vilivyo sawa vya siku kamili. Ukiigawanya kwa 7 husalia 5. Mzunguko ulioanza Ijumaa hufuatwa na unaoanza Jumatano. Siku za wiki hurejea mahali pake baada ya mizunguko saba, yaani miaka 210 au siku 74,417.

Vilevile, ikigawanywa kwa 8 husalia 7. Nambari za aina hiyo haziwezi kuwa jumla ya miraba mitatu, huhitaji minne. Kwa mfano, jumla ya miraba ya 103, 3, 3 na 2 ni 10,631.

Hata hivyo, hesabu hii ni ya wastani. Tarehe yake yaweza kupishana kwa siku moja au mbili na mwezi unaoonekana kwa macho, ndiposa nchini Kenya Kadhi Mkuu hungoja habari za kuandama kwa mwezi kabla ya kutangaza Idi. Nayo bamvua hufuata mwezi ulioko angani, wala si ulioandikwa kitabuni.