Mlango Mmoja wa Muhimbili: Shahada ya Famasia Tanzania na Historia ya Kuchagua Chuo

Swali la chuo kipi kinafaa kwa shahada ya famasia, yaani taaluma ya kutengeneza, kuchunguza, kuhifadhi na kutoa dawa, ni swali jipya nchini Tanzania. Kwa zaidi ya miongo mitatu baada ya Uhuru halikuwa na maana yoyote, kwa kuwa mwanzoni shahada hiyo haikufundishwa nchini, na ilipoanza kufundishwa ilikuwa na mlango mmoja tu, ambao ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa serikali.

Ukosefu huo haukutokana na uhaba wa sayansi ya dawa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, wakapanda huko mikwinini, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya malaria, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwinini ya Amani iliwasaidia askari wao baada ya shehena kutoka Ulaya kukatika. Hata hivyo, elimu hiyo ilibaki kwa wataalamu wa kigeni. Waafrika waliohudumu hospitalini walikuwa madresa na watoa dawa waliojifunza kazi wakiwa kazini, ilhali mfamasia mwenye shahada alikuwa mtu aliyesomea ng'ambo.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiliigawa elimu ya juu kwa utaratibu ambao leo ungewashangaza wengi. Udaktari wa binadamu ulisomewa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam, kwa hiyo mwanafunzi hakuchagua chuo bali alichagua fani, na fani ndiyo iliyompeleka Kampala au Nairobi. Famasia haikuwa na makao katika mgawanyo huo. Shule ya tiba iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 ilikuja kuingizwa chuo kikuu mwaka 1968 kama Kitivo cha Tiba, na ni ndani ya kitivo hicho, pale Muhimbili, ambapo mafunzo ya shahada ya famasia yalianza mwaka 1974. Nairobi nayo ilianza mwaka huohuo, jambo linaloonyesha jinsi kuvunjika kwa chuo cha pamoja kulivyoiachia kila nchi jukumu la kujijazia mapengo yake.

Mwaka huo wa 1974 ulikuwa na mengine mawili. Muhimbili ilianzisha pia kitengo cha utafiti wa tiba za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili, na hivyo famakognosia, yaani elimu ya dawa zitokanazo na mimea na viumbe wengine, ikapata jirani wa karibu katika utafiti wa miti inayotumiwa na waganga. Mnamo Novemba likaja Azimio la Musoma, lililobadili kabisa njia ya kuingia chuo kikuu: baada ya kidato cha sita kijana alipita Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, kisha akahitaji kupendekezwa na mwajiri na chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini fikra iliyoyazaa, kwamba nafasi ya masomo ni mali ya taifa na anayeitumia ni mdaiwa wa taifa, ilidumu kwa muda mrefu zaidi. Haikuwa fikra ya kubezwa, maana serikali ndiyo iliyolipa ada, na ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu wa mhitimu.

Sheria za miaka hiyo zilizidi kuibana njia ya mhitimu. Huduma binafsi za tiba za kutafuta faida zilipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978 ikatenganisha famasi inayosimamiwa na mfamasia na duka la dawa baridi, lililoruhusiwa kuuza tu dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Maduka ya dawa baridi ndiyo yaliyokuwa karibu na wananchi wengi, hasa vijijini, ambako mfamasia hakufika.

Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Tiba binafsi iliruhusiwa tena mwaka 1991, mwaka ambao Muhimbili ilipata hadhi ya chuo kikuu kishiriki, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 1995 yakafungua njia ya vyuo vikuu binafsi. Shahada ya famasia ikafuata mkondo huo, ikafundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, na katika chuo cha sayansi za afya Bugando, Mwanza. Hapo ndipo kuchagua kulipozaliwa, na pamoja nako gharama, kwa kuwa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilimfanya mwanafunzi kuwa mdaiwa kwa maana halisi ya neno hilo.

Hata uhuru huo haukunyooka. Kuanzia 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, uliowapanga waombaji kwa ufaulu na vipaumbele vyao, na mwaka 2017 udahili ukarudishwa vyuoni. Kwa fani nyingi tofauti ya chuo na chuo hupimwa kwa jina. Kwa famasia kipimo cha haki zaidi ni hospitali iliyo jirani, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kazi kwa kuwaona wagonjwa wengi na dawa za aina nyingi, na kwa hilo Muhimbili na Bugando zilirithi majengo na wagonjwa ambao chuo kipya hakiwezi kuwapata kwa kutangaza nafasi. Baada ya miaka 4 ya masomo wahitimu wa vyuo vyote huingia katika utarajali, mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi, na katika dirisha la dawa la hospitali ya rufaa mgonjwa aliyeshika cheti chake haulizi anayemhudumia alisoma wapi.