Uzito, Haidroliki na Udongo wa Ufipa

Wafipa wa mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, walikuwa mafundi wa udongo wao zamani sana kabla ya trekta. Waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, wakafua majembe. Mvua zikiwa bado zinanyesha, walikata nyasi pamoja na mizizi, wakayapindua mabonge na kuyarundika yakawa ntumba. Nyasi zilioza humo ndani. Msimu uliofuata ntumba zilitawanywa na ulezi ukapandwa.

Trekta inayostahili sifa Ufipa ni ile inayoweza kazi hiyo: kupasua mizizi iliyoshikana na kuifukia. Tulinganishe mbili.

Fordson Major ya Dagenham, Uingereza, ilitegemea uzito. Ile ya mwaka 1945 iliwashwa kwa petroli, ikishapata moto inabadilishiwa mafuta ya taa. Mrithi wake wa miaka ya 1950, mwenye uzito wa zaidi ya tani 2, alikuja na injini ya dizeli ya takriban nguvu-farasi 40. Kwa shamba kubwa lililo wazi, au kuvuta tela la magunia, hapo ndipo penye ubora wake.

Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, ilikuwa na uzito wa tani 1 na kidogo tu. Nguvu yake ilikuwa katika akili ya mbunifu wake, Harry Ferguson. Plau ilishikwa na mikono mitatu; ikikutana na udongo mgumu, mkono wa juu ulisukuma springi, springi ikagusa valvu ya haidroliki, na plau ikainuka kidogo. Mzigo wake ulihamia kwenye magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi. Ndiyo maana trekta ndogo ililima kama kubwa, na kwa udogo wake iligeuka kwenye kona finyu. Zaidi ya 500,000 zilitengenezwa.

Kongwa, katikati ya Tanganyika, ilionyesha kwamba ukubwa peke yake hautoshi. Katika mradi wa karanga ulioanza 1947, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'oa vichaka. Kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, zana zikalika, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36.

Sumbawanga, mji wa Ufipa, una jambo lake jingine: mwinuko wa karibu mita 1,800. Injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, hivyo farasi 40 za Fordson hubaki kama 33. Kwa viwanja vidogo vya Ufipa, ushindi ni wa ukoo wa Ferguson, hasa Massey Ferguson 135 ya mwaka 1964: haidroliki ileile, na dizeli ya Perkins yenye silinda 3. Hata hivyo, mahindi yaliyoipa Rukwa jina miaka ya 1970 na 1980 yalilimwa zaidi kwa jembe na plau ya ng'ombe, ambao hawakuhitaji spea wala dizeli kutoka mbali.