Asilimia Isiyoandikwa: Ada ya Wakili na Haki ya Majeruhi katika Kaunti ya Kajiado

Abiria aliyevunjika mguu matatu ilipopinduka katika Barabara ya Magadi karibu na Ongata Rongai, au mpita njia aliyegongwa na bodaboda mjini Kitengela, ana haki ya kufidiwa chini ya sheria za Kenya iwapo atathibitisha uzembe wa dereva. Kinachomkwaza ni gharama ya kuidai haki hiyo. Makala hii inashikilia kwamba marufuku ya kumlipa wakili kwa asilimia ya fidia, ingawa iliwekwa ili kumlinda majeruhi, leo inamwacha bila kinga, na kwamba inafaa kugeuzwa kuwa ruhusa yenye mipaka. Aliyeumia kazini ana utaratibu tofauti chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Hapa tunajifunga kwa ajali za barabarani.

Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na ikiwa ni dhidi ya serikali, miezi 12 tu. Katika muda huo majeruhi anahitaji namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), abstrakti ya polisi, fomu ya polisi ya P3 iliyojazwa na daktari, risiti za matibabu, na ripoti ya kitabibu inayokadiria ulemavu. Mmiliki wa gari lazima atambuliwe kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama. Kufungua kesi kuna ada, na daktari akiitwa mahakamani kutoa ushahidi naye hulipwa. Fundi wa mjengo aliyefungwa plasta, asiye na kibarua wala akiba, atazitoa wapi pesa hizo? Mara nyingi ni wakili anayezitoa mfukoni mwake, akitarajia kuzirudisha kesi itakaposhinda.

Hapo ndipo sheria inapoachana na hali halisi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda, nayo ada ya asilimia ya fidia ni ya namna hiyo. Nia yake ni njema: wakili asigeuke mbia katika majeraha ya mteja. Hata hivyo, makubaliano hayo hayajakoma, ila yamehamia mafichoni. Broka anayemtafutia wakili wateja hufika wodini na fomu ya idhini, na majeruhi hutia kidole gumba kabla hata ya kumwona wakili. Fomu hiyo haisemi atabakiwa na kiasi gani. Fidia ikilipwa, hupitia akaunti ya wakili, na makato hufanywa huko. Mteja anayekwenda kulalamika kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hana karatasi ya kuthibitisha walichokubaliana.

Tusisahau kwamba wakili naye anabeba hatari ya kweli. Sheria ya bima ya magari dhidi ya madai ya watu wengine, Sura ya 405, inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu katika wajibu wa kampuni ya bima, na kampuni yenyewe huweza kuanguka. United Insurance, mwaka 2005, na Blue Shield, mwaka 2011, ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na walioshinda kesi wakabaki na hukumu zisizolipika. Anayebeba hatari hiyo atataka malipo yake. Swali ni kama yatapangwa waziwazi au kwa siri.

Wapinzani wanahofia kwamba asilimia itazaa madai ya uongo na mapatano ya haraka. Madai ya uongo, hata hivyo, yapo tayari chini ya marufuku. Na wakili asiyelipwa akishindwa ana kila sababu ya kuikwepa kesi dhaifu. Hofu ya pili ni nzito zaidi, lakini ina dawa. Sheria ya Afrika Kusini ya 1997 kuhusu ada za aina hii inadai mkataba wa maandishi, inaweka kikomo cha asilimia 25, na inamtaka wakili aeleze mahakamani kwa kiapo masharti ya mapatano. Uingereza nayo iliweka kikomo hichohicho kwa kesi za majeraha mwaka 2013.

Kenya inaweza kufanya vivyo hivyo: mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa mteja, iwe Kiswahili au Kimaa, utiwe sahihi mbele ya wakili mwenyewe, asilimia iwe na kikomo, na kila mapatano yaambatane na hesabu kamili iliyowasilishwa mahakamani. Ibara ya 48 ya Katiba inataka ada isiwe kizuizi cha haki. Marufuku isiyotekelezwa haitimizi sharti hilo. Mkataba anaoweza kuusoma majeruhi, na kuutumia dhidi ya wakili wake ikibidi, utalitimiza.