Taranto: Bandari, Karakana na Chuma katika Mji wa Kusini mwa Italia

Historia ya Taranto kwa kawaida huanzishwa na Wagiriki wa Sparta ambao, kwa mujibu wa mapokeo, waliuasisi mji huo mwaka 706 K.K. Nguzo mbili za hekalu la Kidoria zingali zimesimama katika mji mkongwe, na Jumba la Makumbusho limehifadhi vito vya dhahabu vya enzi hiyo. Hata hivyo, utukufu wa kale hauelezi sura ya mji wa leo. Sura hiyo ni zao la maamuzi yaliyofanywa mbali na Taranto, kwanza Napoli, kisha Roma.

Mji upo baina ya maji mawili: Mar Grande inayotazama bahari kuu, na Mar Piccolo, bahari ya ndani ambamo wavuvi hufuga kome. Watawala wa nasaba ya Aragon walijenga upya ngome yake kati ya 1486 na 1492, kando ya mfereji unaoutenga mji mkongwe na bara. Mwaka 1887 lilifunguliwa juu ya mfereji huo daraja ambalo mikono yake miwili hugeuka pembeni kuzipisha manowari. Miaka miwili baadaye ilizinduliwa karakana ya jeshi la wanamaji. Tangu hapo maisha ya mji yakafuata mahitaji ya jeshi, na madhara yake yalionekana usiku wa 11 Novemba 1940, ndege za Uingereza zilipozipiga hapo manowari tatu kubwa za Italia.

Baada ya vita, kazi za karakana zilipungua na ukosefu wa ajira ukaenea. Serikali ikajibu kwa kiwanda cha chuma, kilichoanza kujengwa mwaka 1960 palipokuwa na mizeituni na kuzinduliwa mwaka 1965. Kilikuja kuwa kikubwa kuliko vyote barani Ulaya. Ni rahisi leo kukilaumu. Lakini kwa familia nyingi huo ndio uliokuwa mshahara wa kwanza wa uhakika. Kosa zito lilikuwa la mahali: kiwanda kiliwekwa ubavuni mwa mtaa wa Tamburi, ambako vumbi jekundu hutua juu ya vibaraza na hata makaburi. Siku za upepo mkali wakazi hushauriwa kufunga madirisha.

Julai 2012 mahakama iliamuru matanuri yazuiliwe kwa sababu ya madhara ya kiafya. Kabla ya mwaka kwisha, serikali ilitoa amri iliyoruhusu uzalishaji kuendelea. Ndipo wakazi walipogawanyika, pengine ndani ya nyumba moja, baina ya anayetegemea mshahara wa kiwanda na anayeuguza mtoto. Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilishindwa kuwalinda wakazi hao. Wakati wa hukumu hiyo, matanuri yalikuwa yangali yakiwaka, chini ya mwendeshaji mpya.