Haki ya Kuzeeka Kazini: Funzo kutoka kwa Wahudumu wa Ndege



Mkazi wa Mapendo hahitaji kufundishwa ngurumo ya ndege. Kwa miaka mingi zimepita karibu na mapaa yetu, na tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya abiria, punde tu baada ya kuruka kutoka uwanja wa Goma, ilianguka papa hapa mtaani. Waliokuwamo walifariki wote, pamoja na watu waliokuwa chini. Tunajua basi ya kwamba kazi ya angani si pambo. Hata hivyo, historia yatuonyesha kuwa wanawake wanaohudumia abiria walitendewa kwa muda mrefu kana kwamba ni pambo tu.

Mhudumu wa kwanza wa kike alikuwa Ellen Church, muuguzi wa Marekani, aliyeanza kazi tarehe 15 Mei 1930 katika safari ya kutoka San Francisco kwenda Chicago. Yeye ndiye aliyeishauri kampuni iajiri wauguzi, ili abiria mwenye hofu au maradhi apate msaada. Kampuni ilikubali, ila iliongeza masharti yasiyohusu uuguzi: mwombaji asiwe ameolewa, asizidi miaka 25, na uzito wake usipite kipimo. Mwaka 1953 kampuni ya American Airlines iliamua kwamba wahudumu wa kike watakaoajiriwa tangu hapo wataacha kuruka wakifika miaka 32. Mwanamke alijifunza kazi, akaimudu, na alipokuwa tayari kuwafundisha wengine, akaonyeshwa mlango.

Jambo hilo halikuwa la Marekani peke yake. Sabena, kampuni ya Ubelgiji iliyoanzishwa mwaka 1923, ndiyo iliyoiunganisha Brussels na Kongo enzi za ukoloni, na ndiyo iliyosaidia kuunda Air Congo mwaka 1961. Katika Sabena alifanya kazi Gabrielle Defrenne, aliyeajiriwa mwaka 1951. Mkataba wake wa mwaka 1963 ulimtambua kuwa mhudumu mkuu wa ndani ya ndege. Lakini mkataba huohuo ulisema kwamba mwanamke akitimiza miaka 40, kazi yake yakoma. Wanaume waliofanya kazi ileile hawakuwekewa kikomo hicho, na mshahara wao ulikuwa mkubwa zaidi. Tarehe 15 Februari 1968, baada ya utumishi wa miaka 16, Defrenne aliondolewa. Cheo chake hakikumkinga. Umri wake ulitosha kumhukumu.

Defrenne alikwenda mahakamani, akisaidiwa na mwanasheria Éliane Vogel-Polsky. Mwaka 1971 alishindwa katika shauri la pensheni. Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya ilitamka kwamba kanuni ya malipo sawa kwa kazi sawa, iliyoandikwa katika Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, yaweza kudaiwa na raia moja kwa moja mbele ya mahakama za nchi yake. Alilipwa faranga 12,716 za Ubelgiji, fedha kidogo, lakini mamilioni ya wafanyakazi wa Ulaya walipata silaha ya kisheria. Kuhusu kikomo cha miaka 40 chenyewe, mwaka 1978 Mahakama ilisema kanuni hiyo ya malipo haikukigusa. Hivyo aliyewafungulia wengine njia hakupata yote aliyoyadai.

Je, tuseme basi kwamba ujana haufai kitu? Hapana. Tarehe 8 Aprili 1968, majuma machache baada ya Defrenne kuondolewa, ndege ya kampuni ya BOAC ya Uingereza ilishika moto mara baada ya kuondoka London, ikarudi kutua. Barbara Jane Harrison, mhudumu mwenye umri wa miaka 22, alibaki kwenye mlango wa nyuma akiwasaidia abiria watoke, hadi moto ukamuua. Alitunukiwa nishani ya George Cross baada ya kifo chake. Ujasiri hauulizi umri. Kosa la kampuni zile halikuwa kuwaajiri vijana. Lilikuwa kuupenda ujana wao bila kuwapenda wao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1968, tume ya Marekani ya usawa kazini ilitamka kuwa vikomo vya umri kwa wahudumu wa kike ni kinyume cha sheria. Tangu hapo ukongwe kazini ukapata uzito mpya. Katika kampuni nyingi za huko, tarehe ya kuajiriwa humpa kila mhudumu nafasi katika orodha; aliyetangulia huchagua safari na siku za mapumziko kwanza, na mgeni huchukua zinazobaki. Bette Nash, aliyeanza kazi mwaka 1957, alitumia haki hiyo kuchagua safari za kati ya Washington na Boston, ili kila usiku arudi nyumbani kwa mwanawe mwenye ulemavu. Alikuwa bado mhudumu alipofariki mwaka 2024, akiwa na miaka 88. Na mwajiri wake wa mwisho, kwa njia ya kampuni kuunganishwa, alikuwa American Airlines, ileile iliyowahi kuweka kikomo cha miaka 32.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko hupatikana pale tu jungu linapoachwa jikoni. Utaratibu wa ukongwe nao una mzigo wake: mgeni hufanya kazi sikukuu, mkongwe akipumzika. Mzigo huo huvumilika kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kijana anayeubeba leo ana hakika zamu yake itafika. Ukimwondolea hakika hiyo, subira yake yageuka unyonyaji.

Tujadili katika vikundi vyetu: Katika kikundi chetu, nani hubeba kazi ngumu, na je, ana zamu inayomngoja? Ni mtu gani tuliyemwacha pembeni kwa sababu ya umri wake, ilhali ujuzi wake bado unahitajika?