Kamera ya kunasa mwendo: megapikseli si hoja

Uwanja wa Al Maktoum, makao ya klabu ya soka ya Al Nasr iliyoasisiwa mwaka 1945, umo katika mtaa wa Oud Metha mjini Dubai. Jirani yake ni Nasr Leisureland, iliyofunguliwa mwaka 1979 na kujulikana kwa ukumbi wake wa kuteleza kwenye barafu. Kwa mzazi kutoka Afrika Mashariki anayetaka picha ya mwanawe akiwa mchezoni, mtaa huu ni mtihani halisi wa kamera ya dijitali: nje jua kali, ndani taa hafifu.

Wauzaji hupenda kuanza na idadi ya megapikseli. Ukweli ni kwamba 12 zinatosha kuchapisha picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4. Kinachompotezea mtu bao ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya kubonyeza kitufe na picha kunaswa. Mchezaji anayekimbia kilomita 20 kwa saa huenda karibu mita tatu katika nusu sekunde. Kamera ikichelewa kiasi hicho, utarudi nyumbani na picha ya nyasi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, simama mlangoni mwa duka, ielekeze kamera kwenye magari yapitayo na ubonyeze. Gari likiwa limetoka nje ya picha, irudishe kamera kwa muuzaji.

Mtoto anayekimbia huhitaji kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Mpira unaopigwa, sehemu moja ya 1,000. Asiyetaka kuhangaika na tarakimu achague alama ya mtu anayekimbia. Ndani ya ukumbi, lenzi ndiyo yenye kauli: ile ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Aidha, weupe wa barafu huihadaa kamera, na nyuso hutoka nyeusi. Ongeza mwanga kwa daraja moja.

Kwa mwenye kipato cha wastani, kamera iliyokwisha kutumika haina aibu. Panasonic Lumix FZ200 ya mwaka 2012 huvuta mara 24 na kubaki kwenye f/2.8 hata mwisho wa mvuto. Sony A6000 ya mwaka 2014 hupiga picha 11 kwa sekunde, lakini lenzi inayouzwa nayo haipendi giza. Kwa maoni yangu, asiyekusudia kununua lenzi nyingine achukue ya kwanza.

Maduka mengi ya vifaa vya elektroniki yako barabara ya Khalid bin Al Waleed, karibu na BurJuman, kituo kimoja tu cha treni kutoka Oud Metha. Tangu mwaka 2018 bei hutozwa kodi ya asilimia 5. Mgeni mtalii aweza kudai sehemu kubwa ya kodi hiyo uwanjani anapoondoka, mradi duka limo katika mpango huo. Uliza pia iwapo dhamana itatambuliwa Mombasa au Dar es Salaam. Plagi, angalau, ni ile ile ya miguu mitatu.

Hata hivyo, kuna hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inaadhibu kumpiga mtu picha kwa kuingilia faragha yake bila idhini: kifungo kisichopungua miezi sita, au faini ya kuanzia dirham 150,000. Waombe ruhusa wazazi wa watoto wengine kabla mchezo haujaanza.